Sabuni Imepanda

Jumatatu, 3 Juni

Mwezi mpya, uongo uleule. Nimeshinda kwenye simu nikiwauliza watu wa viwandani wamezalisha kiasi gani. Kwenye kiwanda cha nguo kapokea mlinzi. Mashine zimelala, kasema, yeye analinda kutu. Basi nguo chini, tena. Ngozi chini. Bia juu, saruji juu. Nchi inajenga na kulewa, lakini haivai.

Mkuu wa kitengo chetu cha takwimu — sisi tunamwita Asilimia — kapita akichungulia meza zetu. Kwenye nguo kabinua mdomo. Kwenye sabuni, katoni nyingi kuliko mwaka jana, kafurahi utadhani kaipika yeye.

Anayeipika ni mume wangu. Ananuka mafuta hadi kwenye masikio. Kiwandani kwao kuna fununu za kupunguza watu. Binamu yake kampatia nafasi kwenye saruji, mbali huko, na anataka jibu wiki ijayo. Mume wangu hataki kuhama, mama yake ana miguu mibovu. Anasema atangoja ripoti yetu: sabuni ikiwa juu anabaki, ikiwa chini anaondoka.

Jumanne, 4 Juni

Mama mkwe kanitupia masalio ya mche wa sabuni kwenye karai. "Mwanangu, hii ni sabuni au utambi? Nimefua shuka mbili, imekwisha."

Nikanunua mche mwingine, nikamwomba mwenye duka aupime. Mwepesi kuliko wa zamani, tena si kwa kubahatisha. Jioni nikamuuliza mume wangu. Ndiyo, kasema, waya za mashine ya kukatia zilisogezwa ili miche itoke mingi. Na chungu cha pili cha kupikia sabuni? Kimezimwa, wanaambiwa kinasubiri fundi. Tangu mwaka jana kinasubiri fundi! Na yeye anaamini, maskini.

Kwa hiyo sabuni imepungua. Kilichoongezeka ni vipande. Na mimi nimeandika imepanda. Kinyaa kimenishika.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeingia kwa Asilimia. Alikuwa anachokonoa meno kwa kifuniko cha kalamu ya ofisi. Nikamwambia sabuni tuihesabu kwa uzito. Kasema kidodoso kinauliza katoni, kiwanda kimejibu katoni, uongo uko wapi hapo? Na ukibadilisha kipimo katikati ya mwaka unavuruga mfululizo wa takwimu. Halafu akashusha sauti. Bila sabuni, viwanda vyote kwa jumla vinateremka, na wakubwa wameshaambiwa vinapanda. "Ulitaka nani aende kuwaambia? Wewe?" Akacheka peke yake, kisha akakiangalia kile kifuniko na kukirudisha kwenye kalamu.

Tumekubaliana niweke maelezo mafupi chini ya jedwali, kwamba uzito wa mche umepunguzwa. Nimetoka nikijiona shujaa. Shujaa wa maandishi madogo.

Jumatatu, 10 Juni

Nakala ya mwisho imetoka. Maelezo yangu hayamo. Nimemuuliza Asilimia. Nafasi ilikuwa finyu, kasema. Chini ya jedwali pana uwazi wa kulaza mtoto. Ukurasa wa pili wote ni picha yake.

Nikaenda kunywa chai.

Jumatano, 12 Juni

Redioni leo. Viwanda vyazidi kukua, sabuni yaongoza. Mume wangu kaongeza sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Basi kamwita huyo jirani aje asikie vizuri. "Hesabu za mke wangu hizo, bwana." Jirani kanipa mkono. Mama mkwe, ambaye wiki iliyopita tu alikuwa anaitukana sabuni yenyewe, kanitazama kama nimerudi na shahada nyingine. Na mimi — niseme hapa, hakuna anayesoma — nilifurahi. Nilinyoosha shingo.

Ndipo mume wangu akaniuliza. Kwa hiyo nisiende? Nikamjibu, ripoti inasema imepanda. Basi, hivyo tu. Asilimia mwenyewe asingejibu vizuri zaidi. Ninajichukia ninavyoandika haya.

Akampigia binamu papo hapo kwamba nafasi ampe mwingine. Simu iliita muda mrefu kabla ya kupokelewa. Ningeweza kusema. Nilikuwa nimeshika kikombe, nikawa nakitazama kile kikombe.

Ijumaa, 14 Juni

Zamu yote ya mume wangu imeachishwa kazi. Chungu kimoja, zamu moja inatosha.

Ofisini Asilimia kanunua soda za kutupongeza. Nimeinywa yangu mpaka chini.

Jumamosi, 15 Juni

Mume wangu angenitukana ningepumua. Hana hasira hata kidogo, ana matumaini! Anasema uongozi umewaambia soko limeanguka, na huku serikali imetangaza wazi kwamba sabuni inaongoza. Uongozi wameunasa, anasema. Ushahidi umechapishwa, na aliyeuandika analala naye kitanda kimoja. Jumatatu wanakwenda kwa ofisa wa kazi, na mimi nitakwenda mbele yao na ripoti yangu mkononi. Leo niwaeleze kwanza wenzake, wajue la kusema.

Wameshafika. Nasikia viti vya kuazima vinaburutwa sebuleni. Harufu ya mafuta imejaa hadi huku chumbani. Mama mkwe anawapa chai na kuwaambia huyu mkwe wake hajawahi kukosea hesabu. Mmoja anasema naye alikuwa na pa kwenda, akabaki kwa sababu ya redio. Mwingine anasema hata yeye.

Mume wangu kagonga mlango. "Mke wangu, wageni wanakungoja."

Nimemwambia nakuja, natafuta miwani. Miwani ninayo usoni.