Kifungo Kimoja cha Temeke

Zuhura mdogo wangu,

Salamu zako nimemfikishia shangazi, na joto la huku Temeke halijaniua bado.

Leo hospitalini nimepimwa hii mikono na miguu yetu, waone ulemavu umefikia wapi. Daktari, msichana tu, akaniuliza, "Vifungo vya nguo vinakusumbua?" Nikamjibu kifua mbele, "Havinisumbui hata kidogo." Akaliangalia dera langu. "Mara ya mwisho umefunga kifungo lini?" Sikumbuki, Zuhura! Miaka yote najivalia madera nikidhani nayapenda tu.

Akavua koti lake jeupe, akanivisha. "Haya, funga." Kifungo kikawa kinaniteleza kama mbegu ya papai. Jasho likanitoka. Aliponyoosha mkono anisaidie nikamwambia, "Niache!" Nikafunga kimoja, vilivyobaki vikanishinda. Kumbe kwa jibu langu la kwanza angeniandikia sijambo, na viatu maalumu vya kushikilia vifundo vya miguu ningevikosa. Sasa napewa, na mazoezi ya vidole naanza kesho.

Nikamkumbuka marehemu baba, aliyekuja na fulana hata kwenye harusi yangu. Tulidhani anaona joto.

Neva hizi mbovu tumezirithi kwake, mwaya, kwa hiyo na wewe panda basi uje upimwe. Shangazi atakupikia mihogo ya nazi. Ila usiwajibu kama nilivyowajibu mie. Ile blauzi ya vifungo uliyoigawa Idi iliyopita ukasema imekubana, haikukubana.

Dada yako akupendaye,
Rukia