Taa za Mchana Barabara ya Nyamira

Jumapili, Agosti 1972

Sitaandaa tena matembezi ya magari, hata nikibembelezwa. Nilitaka tu sisi wapenda magari wa Kisii twende Nyamira tukitazama milima na mashamba ya chai. Rafiki yangu Jayanti, mwenye duka la nguo, alitaka mbio. Nikamkatalia. Nikasema twende polepole, taa zikiwaka kwa sababu ya ukungu.

Magari matano, taa mchana, mwendo wa kinyonga. Tulipopita Birongo, wazee kando ya barabara walivua kofia. Wanawake waliotoka kanisani wakaanza kulia. Kumbe tulionekana tunapeleka maiti!

Nilicheka mpaka tulipokaribia kwao mke wangu. Mama mkwe alilitambua gari langu mbele, akaja barabarani akipiga mayowe: "Kerubo! Mwanangu Kerubo!"

Mke wangu Kerubo alikuwa amelala kiti cha nyuma, haonekani. Akaamka, akatoa kichwa dirishani. "Mama, nani amekufa?"

Mama akanigeukia mimi, mkwe ambaye kwa heshima hakuwahi kumsemesha zaidi ya salamu. "Baba, unataka kuniua?"

Nilikosa pa kuficha uso.

Majirani waliosikia mayowe walikuwa wameshaleta ndizi na maziwa ya matanga. Tukaketi sote tukala. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetupakulia.