Wimbo Uliomkimbiza Mjomba

Robinvale, Australia
2 Februari

Mama yangu mpenzi,

Habari za hapo Vava'u? Miguu bado inavimba ukikaa sana kanisani? Sisi tu wazima, ila usingizi umehama nyumba hii bila kuaga.

Tomasi halali, Mama. Natoka kwenye banda la kufungasha zabibu mgongo umekufa, nafika mlangoni namsikia. Lavinia akimwonea huruma anampa simu, basi hapo ndiyo balaa. Simu inapiga yale makelele ya katuni, sauti kama ya paka aliyekanyagwa mkia. Mtoto anatoa macho, ananyamaza kama kapigwa na butwaa. Ukizima analia mara mbili. Juzi nilimwambia Lavinia amwimbie mdogo wake wimbo wa kwetu. Akaniuliza, "Za kwenu zipo kwenye simu gani?" Nilikasirika mpaka nikacheka.

Nitafutie nyimbo, Mama. Si za kanisani, hizo anafundishwa na mjomba wake. Feleti ndiye anayewaandaa watoto wote kwa Jumapili yao ya Mei, watoto wanapoimba mbele ya kanisa zima, na kila wiki anakula kwetu baada ya ibada. Mimi nataka za kuchezea, za kubembelezea, za kupikia. Nyimbo ambazo mtoto akizitaka tena na tena, mimi nisitamani kuirusha redio dirishani.

Mkweo Kitione anakusalimu. Yuko zamu ya lozi, tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Mwanao anayesinzia wima,
Toakase

Vava'u, Tonga
21 Februari

Toakase mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Miguu ni miguu, imezoea kuvimba na mimi nimezoea kuitazama. Barua naipiga picha mwenyewe, kwa hiyo ukiona kidole gumba, ni changu.

Nyimbo zisingepita kwenye mtandao wetu huu wa kobe, nimeziweka kwenye kadi, anakuletea Lisiate anayekuja kuchuma zabibu. Nilienda kwa wanawake wanaosuka mikeka, wakaimba mpaka wakasahau kusuka. Kuna wimbo wa wasichana kurusha ndimu hewani. Ukisikia kishindo, ni ndimu ya Seini iliyoangukia sufuria. Kuna wa kumwogesha mtoto, na mmoja wa kumsema jirani mchoyo wa nazi. Huo ufundishe, utawafaa maishani.

Wa mwisho ni wa baba yenu. Mwalimu wa shule ameutoa kwenye kaseti ya zamani. Miaka yote hii sijaupiga, kwa sababu Mjomba wako Penisoni anaishi nyuma ya uzio na sauti inapita. Unajua ni wimbo wa aina gani: wa mapenzi, ambao kwetu dada na kaka hawausikilizi pamoja. Alinitungia kabla sijawa mama wa mtu.

Walishe vizuri.

Mama

Robinvale
19 Machi

Mama mpenzi,

Hujambo? Sisi leo hatujambo kweli kweli, siyo kwa kusema tu.

Kadi ilifika. Lavinia anarusha machungwa jikoni, dirisha moja limeshapata ufa. Yule mchoyo wa nazi tunamwimba kwenye gari mpaka Kitione anapiga usukani. Sharon wa pale bandani naye kaomba nimtumie wimbo wa kuogesha, sasa mjukuu wake wa Kizungu anaogeshwa kwa Kitonga, haelewi neno, anapiga maji tu.

Lakini Mama, anayemlaza Tomasi ni Baba. Nimejaribu zote. Wanawake wa mikeka wanamchangamsha, wimbo wa kubembeleza unamkera. Gitaa la Baba likianza, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya ubeti wa pili, mtoto analegea kama jani la mgomba juu ya moto. Lavinia anauita "wimbo wa Tomasi". Haelewi maneno, namshukuru Mungu. Mimi nayaelewa, yananitoa jasho. Nampigia usiku tukiwa wenyewe, na Feleti akija nauzima.

Mwanao aliyelala jana,
Toakase

Robinvale
26 Machi

Mama,

Natumai u mzima. Huku si kuzuri.

Jumapili tulikuwa mezani. Viazi vikuu, lu ya kondoo iliyofungwa kwa majani ya magimbi, watu wa kanisa wawili watatu. Feleti ameketi, mimi nimesimama mbele yake na bakuli. Lavinia akamshika goti: "Mjomba, usisogee! Nakuonyesha kitu kizuri."

Akabonyeza simu.

Baba akaimba. Ukingo wa mkeka wa kiunoni mwako, harufu ya maua shingoni mwako, yote. Mimi na kaka yangu chumba kimoja, macho kwa macho, watu wanatutazama. Bakuli lilinishinda, sikujua niliweke wapi. Feleti aliiweka sahani yake polepole, hata haikugonga meza, akatoka viatu mkononi. Kitione, Mungu amsamehe, akamwita: "Shemeji! Ni marehemu anaimba, si mimi!" Akazidisha aibu.

Tangu siku hiyo hajafika. Mazoezi ya watoto ameyaacha, kwa sababu mimi ndiye ninayempeleka Lavinia. Amemwambia Kitione atahamia Griffith kuchuma machungwa kabla ya Mei. Hana hasira nami, ana haya, na haya ni mbaya kuliko hasira. Angekuwa na hasira ningempikia.

Sharon ananiambia, "Si wimbo tu, mpenzi?" Nimwelezeje?

Lavinia analia kwamba amemfukuza mjomba. Nifanye nini?

Toakase

Vava'u
30 Machi

Mwanangu,

Nimesoma nimesimama. Kosa ni langu. Nilifikiria uzio wangu, nikasahau meza yako.

Ufute. Ufute leo, umwambie Kitione ampe habari Feleti kwamba haupo tena. Wimbo ni wa dakika chache, kaka ni wa maisha. Mtoto atazoea mwingine.

Mama

Robinvale
5 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo yangu uipokee kwanza, kwa sababu nitakalosema halifanani na heshima.

Sifuti.

Nilijaribu kuuacha. Tomasi alilia mpaka sauti ikakauka, nikakaa sakafuni nikalia naye, Lavinia akatuletea maji sote wawili. Lakini hata kama angenyamaza, nisingefuta. Wanangu hawakumwona babu yao. Picha haina kikohozi. Unataka nimzike Baba mara ya pili kwa kidole?

Na kaka yangu pia simwachi aende. Huko Griffith atakaa na nani? Nani atawafundisha watoto hawa kwamba kwao kuna nyimbo? Sichagui mmoja. Wewe ni mama yetu sote wawili, tafuta njia.

Ninakupenda, nimechoka, na jibu langu ni hilo.

Mwanao,
Toakase

Vava'u
17 Aprili

Toakase,

Ulidhani nimenuna. Nilinuna kweli, siku ya kwanza. Kisha nikamkumbuka marehemu: ukaidi huu si wa kwangu, ni wa upande wake. Nikaacha kununa, nikaanza kufikiri, nikisuka.

Sikiliza. Gitaa halina aibu. Kikohozi hakina aibu. Aibu iko kwenye maneno tu. Baba yenu alitunga kwa ajili ya msichana. Maneno mengine yanaweza kukalia sauti ile ile, kama mgeni anavyokalia mkeka wa mwenye nyumba. Na anayejua kutunga katika damu hii ni Feleti.

Wewe huwezi kumwomba jambo hilo. Mimi nikimwomba atasema "ndiyo Mama", aende Griffith. Ila yupo mtu mmoja ambaye hawezi kumnyima kitu. Umesahau sababu ya mjomba kuitwa mjomba? Kwetu mtoto wa dada akimtaka nguruwe wa mjomba wake anamchukua, na mwenyewe anamshikia kamba. Sembuse maneno!

Mtume Lavinia. Usimfundishe la kusema. Wewe ulikuwa na umri wake ulipomchukulia Penisoni baiskeli.

Mama

Robinvale
8 Mei

Mama yangu,

Hujambo? Miguu je? Nimekaa kimya, lakini sikiliza sababu.

Nilimfunga Lavinia mkeka wake mdogo wa heshima kiunoni, Kitione akampeleka. Mimi nilibaki nasugua sufuria iliyokwisha takata. Haya niandikayo nimeambiwa na Kitione, aliyesimama mlangoni.

Mabegi yalikuwa tayari.

"Mjomba, nataka wimbo."

"Wimbo gani, mama?"

"Ule uliokukimbiza."

Feleti akashika kichwa. "Ule si wa watoto, Lavinia."

"Basi ufanye wa watoto. Babu ametoa gitaa, wewe toa maneno."

"Nitakutungia nikifika Griffith."

Mjukuu wako akaenda akakalia begi kubwa. "Hili nimelichukua. Na lile. Ni yangu."

"Lina nguo zangu!"

"Zilikuwa zako."

Kitione anasema shemeji alimtazama kuomba msaada, naye akatazama dari. Kisha Feleti akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi. Angefanya nini? Alimbebea begi mpaka kwenye gari, tena la pili akarudi kulichukua. Kwa hiyo nguo zote za kaka yangu ziko kabatini kwa Lavinia, na mwenyewe hajaenda popote.

Jumamosi alikuja na gitaa, akakaa barazani na watoto. Mimi nilikuwa jikoni, ukuta katikati yetu. Ametunga juu ya kiazi kikuu mvivu kilichokataa kuchimbwa: "Niacheni nilale, udongo ni blanketi langu, nitaamka siku ya karamu." Sauti ni ya Baba, kila pindo lake. Kabla ya ubeti wa pili watoto wote wanakohoa kidogo. Lavinia amewafundisha, anasema ndivyo wimbo ulivyo.

Nilivumilia ubeti mmoja. Wa pili nikaingia na sauti ya pili, mikono kwenye unga, nikiutazama ukuta. Feleti aliacha kuimba nikadhani nimeharibu. Kumbe alikuwa anasogeza kiti karibu na dirisha. Tukaendelea.

Jumapili iliyopita watoto waliuimba kwenye chakula baada ya ibada yao, meza nzima, mimi huku na yeye kule. Wazee walikohoa pia. Tomasi alilala katikati ya makelele yote, mdomo wazi, na kipande cha nyama mkononi.

Ule wa kwanza bado ninao. Nausikiliza nikiwa peke yangu.

Mwanao,
Toakase

Vava'u
20 Mei

Mwanangu,

Nimeupata wimbo wa kiazi. Ulichukua kutwa nzima kuingia kwenye simu, kiazi mvivu kweli. Wanawake wa mikeka wameshaujua, na watoto wa hapa wanaurushia ndimu. Wote wanakohoa. Mgeni akipita atadhani kijiji kina mafua.

Mwambie Feleti nimeridhika. Mwambie Lavinia asimrudishie nguo zote kwa mara moja.

Barua hii ni fupi, usinihukumu. Mjomba wako Penisoni amekwenda shamba la mbali na mkewe, nimewaona kwa macho yangu wakipita kanisani. Nyuma ya uzio hakuna mtu. Kaseti nimeshaiweka, mlango nimeuacha wazi, na ubeti wa kwanza naukumbuka wote.

Mama