Tai wa Bonde la Neville

Hobart, Tasmania
Tarehe 14 Juni

Kaka yangu Rowan,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi hii ya kwetu. Mgongo umepata nafuu? Na baba, huko kwako Perth, bado anawagombeza wanao kwa kelele? Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenikimbia, na sababu yake nataka uijue kwangu kabla hujaisikia kwa polisi.

Gemu ya kompyuta niliyoitengeneza unaifahamu, hata kama hujawahi kuicheza. Mchezaji ni askari wa wanyamapori. Anakuta tai wamekufa bondeni, anafuata nyayo, anachunguza nyama iliyotiwa sumu, mpaka ambaini muuaji. Watu wameipenda kuliko nilivyotarajia. Wengi wameniandikia kwamba walilia tai wa mwisho alipouawa.

Bonde lile ni letu, Rowan. Nilichora kila nilichokumbuka: daraja, banda la kunyolea kondoo, hata mabati mekundu ya nyumba ya mzee Neville Pybus, jirani yetu. Na muuaji nikamweka ndani ya nyumba ile. Nilijiambia kuwa paa ni paa tu, nani atalitambua.

Vijana wawili walilitambua. Jumamosi iliyopita, mchana kweupe, walifika kwa Neville wameshika vipande vya nguzo za uzio. Polisi wanasema walianza na mbwa wake wawili, wakawapiga mbele yake hadi wakafa. Kisha wakamgeukia yeye. Wamemvunja mkono na mbavu nne, na kwa kila pigo walikuwa wakimuuliza ameua tai wangapi. Mzee wa miaka sabini na sita. Jicho la kushoto halitaona tena.

Kesho yake nilikwenda hospitali nikijua atanifukuza. Nilimwomba radhi, nikamweleza kwamba nilichora tu nyumba ya kwanza iliyonijia akilini. Akasema polepole kwa midomo iliyopasuka:

"Corinne, mwanangu, usinidanganye. Baba yako nilimwona akitega ile nyama ya sumu, tai wasimlie wanakondoo. Na wewe nilikuona nyuma yake, umebeba ndoo."

Nikamuuliza mbona miaka yote hiyo hakusema. Akajibu kwamba mama alikuwa ndio kwanza amezikwa, na angesema, serikali ingenichukua. Mtoto wa miaka kumi na miwili, akasema, hakuiomba ile ndoo. Kisha akataka kujua kama mbwa wake wamezikwa. Nilikwenda siku ileile nikawazika, na ardhi ilikuwa ngumu kwa barafu.

Sasa nikuungamie lile ambalo hata Neville hakuliona. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Tai mmoja sumu haikummaliza. Alikuwa akijikokota kwenye nyasi, mbawa zimetanda, ananitazama. Baba akanipa shoka, akaniambia, "Mmalize, acha kulialia." Nikampiga kwa upande butu mara tano. Alikufa kwa pigo la tatu. Mawili ya mwisho hakuna aliyeniamuru.

Tai huyo ndiye waliyemlilia wachezaji wangu. Nilimchora vilevile, mbawa na macho, halafu shoka nikampa Neville, kwa sababu sikuweza kumpa baba, wala kujipa mwenyewe.

Gemu nimeiondoa sokoni. Maelezo yangu kwa polisi nimeyaandika na kuyasaini, yana jina la baba na langu, na Jumatatu nitayapeleka. Waliompiga watajibu kwa yao. Nami nitajibu kwa yangu. Nakuomba umwambie baba wewe mwenyewe, mkiwa mmekaa, na usiondoke mpaka hasira zimwishe. Akikana, usibishane naye.

Mpe mkeo Bronwyn salamu zangu, na watoto uwabusu. Barua yako nitaipokea kwa furaha. Isipokuja, nitajua umenisoma, na sitakulaumu.

Mdogo wako,
Corinne