Makaburi Yasiyo na Majina

Noof, nilikuwa hapa Wattaya, huku ng'ambo, nnachora ramani ya makaburi ya shamba letu la Pemba, bibi ananitajia nani kalala wapi, kaka Marwan akapiga simu. Hoteli inayotaka kujenga shambani petu imepata kibali. Wanasema hapana makaburi pale, mawe tu.

Unajua ushahidi wao? Fomu niliyowajazia mimi mwenyewe. Waliuliza kama kuna makaburi yenye majina. Sisi hatuandiki majina makaburini, nikajibu hapana.

Nimejibu kweli, shoga. Kweli tupu.

Bibi kasikia yote. Kaniuliza taratibu, "Mama yangu nimeshakuonyesha?"

Bado. Tumepata kumi na moja, yamebaki manane, na hapana mwengine anayeyajua. Mwisho wa kukata rufaa ni keshokutwa.

Kachoka, kalala. Kesho nitaanza na mama yake.