Niliingia Bila Hodi Kwenye Kompyuta ya Baba

Salalah, Oman
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Omari,

Shikamoo baba. Najua utaitikia hata ukiwa umenikasirikia, maana shikamoo hujapata kuiacha bila marahaba tangu nikufahamu. Mimi ni mzima, nala, nalala kidogo, kazi inaendelea. Hali yako wewe ndiyo nisiyoijua. Kifua kimepoa? Paa la jikoni limezibwa, au bado mnatega beseni? Nikimuuliza Rehema ananiambia wote wazima, lakini dada yangu huyo hata nyumba ikishika moto atasema wote wazima.

Leo ni siku ya kumi na sita napiga simu hupokei. Mwanzoni nilijipa moyo kwamba haina chaji, halafu kwamba umeiacha chumbani. Sasa nimeacha kujidanganya. Nimeamua kuandika kwa mkono, maana simu unaweza kuikata nikiwa katikati ya neno, na mimi nina maneno ambayo lazima niyamalize. Anayekuletea ni Bwana Shaame, mtu wa Mwera, tunafanya naye kazi ghala moja la dawa, mimi upande wa kompyuta, na anakuja likizo. Nimemwomba akukabidhi mkononi mwako, asimwachie Rehema.

Nianzie kwenye kile kisanduku, baba. Nilipokifunga nilikueleza nusu, na nusu niliyoibakiza ndiyo iliyotufikisha hapa.

Unakumbuka nilipokuja likizo, kompyuta yako ilikuwa na ugonjwa wa kuganda ikiwashwa tu. Kila ilipoganda tulikuwa tunashinda kwenye simu, wewe unanisomea yaliyo kwenye kioo, mimi nakwambia bonyeza hiki, na Rehema pembeni anabonyeza kingine. Zile programu za kuingilia kompyuta ya mtu ukiwa mbali hazikusaidia kitu, maana zinataka kompyuta iwe imeshawaka vizuri, na yako ilikuwa haifiki huko. Ndiyo maana nikaja na kile kisanduku, kidogo kama kipande cha sabuni ya mche. Waya mmoja nikauchomeka nyuma ya kompyuta, panapotoka picha inayokwenda kwenye kioo. Wa pili nikauchomeka kwenye tundu la kibodi, na wa tatu kwenye intaneti. Kisanduku kinaona kila kinachotokea kwenye kioo tangu inapowashwa, na mimi huku naweza kuandika na kubonyeza kama niliyekaa kwenye kiti chako. Rehema akakifunika na kitambaa chake cha kufuma. Nikamwambia kinapata joto, nikakifunua. Nilipogeuka akakifunika tena, eti waya zinatia aibu mbele ya wageni.

Siku ile uliniuliza swali moja tu. Ulisema, "Sasa mamangu, nitajuaje kama umeingia?"

Nikakujibu kwamba utaona mshale unatembea wenyewe. Jibu hilo nimelirudia kichwani mara nyingi wiki hizi. Mshale hutembea nikiusukuma. Nikitazama tu bila kugusa kitu, kwako hakibadiliki chochote, hakuna taa wala sauti. Nilikuwa nalijua hilo siku ileile, na sikukwambia, kwa sababu nilijiona mtu mzuri ambaye hatakuja kutazama. Nilikuwa na haraka pia, mizigo haijafungwa, na nilitaka unisifu.

Miezi ya mwanzo niliingia kwa kazi tu. Kompyuta ikiganda, Rehema ananipigia, naingia, naizima, naiwasha, naondoka. Halafu siku moja alasiri nilipomaliza kuitengeneza, kabla sijafunga upande wangu, nikaona umekaa na umeanza kuandika. Yaliyokuwa yanatokea kwenye kioo hayakuwa maneno. Mstari wa kwanza ulisomeka ",lr esmhi", na ukaendelea hivyo, mistari na mistari, na wewe husimami. Nikasema kisanduku kimeharibika, kinachanganya herufi. Nilihangaika nacho karibu saa nzima, nikakagua mipangilio yote, na kisanduku kilikuwa kizima.

Ndipo nikakumbuka mikono yako. Miaka yote ile uliyopiga chapa mahakamani, vidole kumi, uso juu, hukuwahi kutazama herufi. Nikaweka vidole vyangu kwenye kibodi yangu kama ulivyonifundisha, nikavisogeza vyote hatua moja kulia, nikaandika "mke wangu". Kikatoka kilekile kilichokuwa kwenye kioo chako.

Ulikuwa umekaa vibaya kwa hatua moja. Kila mtu aliyejifunza kwa mashine za zamani imewahi kumtokea, na wewe mwenyewe ulikuwa unatuchekesha na hadithi za karani aliyechapa hukumu nzima namna hiyo. Lakini yeye aliinamisha macho akaona. Wewe uliandika ukurasa mzima, ukaweka nukta mahali unapodhani ni nukta, ukaruka mstari, ukamaliza, ukahifadhi, ukazima. Baba, hukuwa unaona. Nililia kama mtoto.

Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa naandika barua nyingine. Sikuishia hapo. Ule ukurasa niliugeuza kichwani herufi kwa herufi mpaka nikausoma. Kesho yake alasiri nikaingia tena, na keshokutwa. Nilikuwa najiambia naangalia macho yako, na hilo lilikuwa kweli kwa siku mbili hivi. Baadaye nilikuwa naingia kusoma tu. Miezi mitatu.

Sitayarudia yaliyomo. Ni yako na mama. Nitasema tu kwa nini nilishindwa kuacha, nawe utaamua kama inatosha. Mama alipofariki mimi nilikuwa huku, nilifika watu wameshatoka makaburini. Sijawahi kukusikia ukilitaja jina lake tangu siku hiyo, nami nikafikiri umelifunga. Kumbe kila alasiri unakaa unampa habari za mchana, kama alivyokuwa anakuuliza ukirudi kazini: nani amepita, kimepikwa nini, mbuzi wa jirani amekula nini safari hii. Nilikuwa nasoma naona kama mama yuko chumba cha pili anakuitikia. Nilikuwa na njaa ya hayo, baba. Najua njaa haimpi mtu ruhusa ya kuingia jikoni kwa watu.

Na katika hizo habari zako ndimo yalimokuwa macho. Siku uliyorudi kutoka msikitini na kandambili moja yako na nyingine ya mtu, watu wakacheka, ukacheka nao. Siku uliyompa mtu salamu ndefu hukumjua ni nani mpaka alipokuitikia. Ukamwambia mama kwamba Rehema hajui, kwamba mimi nisijue kabisa, na kwamba hutaki kwenda kwa daktari kwa sababu atakwambia usilotaka kulisikia.

Kosa langu la pili nililifanya kwa kiherehere. Nilimpigia Rehema nikamwambia ampeleke baba hospitali haraka, haoni, na nikamtajia habari ya kandambili. Rehema unamjua, neno halilali kinywani mwake. Akaja akakuuliza habari ya kandambili, ukamuuliza nani amemwambia, akakwambia. Hapo ndipo ulipochomoa kisanduku. Dada aliniambia hukupaza sauti wala hukumlaumu. Ulikizungushia waya zake vizuri, ukakitia kwenye mfuko, ukamwambia, "Mtu kakaa nyumbani mwangu miezi mitatu, hata hodi hakupiga."

Nimeyasikia hayo, baba, na sina la kubisha. Wewe ndiye uliyetufundisha kusimama mlangoni hata kwa shangazi yetu wenyewe, kupiga hodi mara tatu, na usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Ulinirudisha njia nzima siku ile nilipoingia kwa jirani kuchukua mpira wangu. Nimekuja kujifunza kazi ya kuingia majumbani mwa watu nikiwa nchi nyingine, nikasahau la mlangoni. Nisamehe. Sisemi nisamehe kama yupo aliyekosewa, nasema nimekukosea wewe. Na mama nimemkosea.

Neno la siri nililokuwa naingilia nimelifuta upande wangu na sikuliandika popote. Hata kisanduku kikichomekwa leo, mimi sina njia. Sikunakili ukurasa hata mmoja. Ule uliopinda uko vilevile ulivyouacha, sikuurekebisha, ingawa mkono uliniwasha. Bwana Shaame amebeba pia kibodi mpya. Ile yako vile vinundu viwili vya kuongozea vidole vimesagika, na nadhani ndiyo maana ulikaa vibaya. Kwenye hii utavisikia. Nimekuletea ili uendelee kuandika, mimi sitakuwepo.

Sasa la macho. Nilimuuliza daktari mmoja anayekuja hapa ghalani kuchukua dawa, bila kutaja jina lako. Akaniambia inaweza kuwa mtoto wa jicho, na huyo huondolewa mtu akaona tena. Inaweza pia kuwa presha ya macho. Hiyo haiumi, lakini inachokichukua hairudishi, na kila mwezi unaosubiri inachukua kingine. Hakuna anayejua ni ipi mpaka upimwe. Rehema ameshachukua nafasi kliniki ya mjini, Jumatano ya mwisho ya mwezi huu, na anasema umeapa huendi.

Nakuogopa unaposema huendi. Ninachoogopa hasa ni kwamba huendi kwa sababu yangu, kwamba ukienda itakuwa umekubali yale niliyoyaiba. Kama ni hivyo, nitakuwa mimi ndiye niliyekuzima macho, na sijui nitaishi nalo vipi. Nikasirikie mwaka mzima ukitaka, usipokee simu, Idi ipite hujanipa salamu. Nitavumilia. Lakini hasira uwe nayo unaona.

Nisalimie dada Rehema, mwambie sina kinyongo naye, na afunike kwa kitambaa chake popote apendapo. Nisalimie shangazi Mwajuma wa Mwera, umwambie halua yake naikumbuka kila nikinywa kahawa. Salamu kwa mzee jirani mwenye mbuzi, na kwa imamu aliyetusomea hitima ya mama. Siku ukifika kaburini, nisalimie na huko, kama utaona nastahili.

La mwisho, baba. Utaona barua hii ni kurasa ishirini na tatu kwa habari ambazo zingeenea kwenye tatu. Nimeiandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi ya ghalani, maneno manne au matano kila mstari, ili pasiwe na mtu wa kukusomea. Hakuna ajuaye yaliyomo isipokuwa mimi na wewe, na safari hii umenifungulia mwenyewe. Sitaki unijibu kuhusu kosa langu, hilo litachukua muda wake. Nijibu jambo moja tu, kwa mkono wako, nami nitaliamini neno lako bila kutazama popote: imekuchukua siku ngapi kusoma mpaka hapa?

Mimi mwanao,
Zuhura