Nyumba ya Kuvuta

Nchelenge, tarehe 11 mwezi ya tano 2025

Priscille mutoto yangu,

Nakusalimia sana, na ule mwenye kuwa mu tumbo yako naye namusalimia. Miye niko muzima, magoti tu njo inalalamika asubui. Weye unalala muzuri? Miguu haivimbi? Bwana yako Guy alisha rudia Kolwezi ku kazi yake ya kuchimba mu mine, ao eko bado na weye?

Naandika sababu ku simu sikusikii tena. Miaka yote nilitengeneza moteri ya mabwato, moteri ikakula masikio. Ukipiga nasikia tu "wuuu", alafu najibu "ndiyo" kwa kila kitu. Clémentine, mwenye kuuzisha samaki huku na kule, atakuwa anabeba barua zetu.

Bon. Uliniomba nirudi Pweto mbele mutoto azaliwe mwezi ya kumi na moya. Jibu yangu ni ndiyo, na hii haiko ile ndiyo ya ku simu. Niliacha nyumba ya kupanga. Sasa niko mu caravane. Bado najifunza kazi yake, mais mwezi ya kumi nitaingia nayo Pweto muchana, batu batatoka mu manyumba kuangalia.

Ubaki na amani.

Baba yako


Pweto, tarehe 24 mwezi ya tano 2025

Baba yangu,

Nakusalimia na heshima yote. Niko muzuri, tumbo inaanza kuonekana, miguu haivimbi. Guy alirudia Kolwezi, tutamuona mwezi ya munane kama bakubwa yake banakubali. Sasa uniache nikuulize, sababu toka barua yako ifike silale muzuri. Baba, caravane ya nani? Ya chama gani?

Najua mwaka kesho Bazambia beko na uchaguzi. Hata kwetu huku tulisha ona macaravane ya bapolitike: camion mbele, mapikipiki nyuma, batu banaimba mpaka sauti inakauka, kisha banagawanyiwa tisheti ya picha ya mutu. Weye uko na karatasi ya mukimbizi, na miaka makumi sita na kitu. Unatafuta nini mu siasa ya benyewe? Na eti utaingia nayo Pweto. Ukifika ku frontière ya kuingia huku kwetu na bendera ya chama ya Zambia, batakufunga mbele hata sijakupikia chai.

Baba, nilikuomba kitu moya tu. Mama hayuko. Guy eko mbali. Siku ya kuzaa sitaki kuwa na bajirani peke yao, bananiambia "vumilia, vumilia". Nataka kuwe mutu yangu pale nje. Nilisha fyeka fasi pembeni ya mupapai, fundi anaweza kukujengea chumba moya na baraza. Toka mu ile caravane, urudi.

Mutoto yako mwenye hasira,
Priscille


Nchelenge, tarehe 15 mwezi ya sita 2025

Priscille mwenye hasira,

Salamu yako ilifika, na fimbo yake pia ilifika. Niko muzima. Nilicheka mpaka Mama Nsama akaacha vitumbuwa mu mafuta akakuya kuangalia kama nakufa. Ni mujane, Mubemba, anauzisha vitumbuwa pembeni ya fasi yangu ya kazi. Nilimuelezea, naye akacheka, na toka ile siku ananisalimia "Muheshimiwa". Sasa soko yote inamufwata.

Caravane yangu haina chama. Ni nyumba kidogo ya bati yenye mipira mbili, motokari inaivuta. Ndani kuko kitanda, kabati, na fasi ya kupikia. Bazungu bawili, bwana na bibi, balipita huku kuangalia ziwa, motokari yao ikakufa. Nikaitengeneza. Na sababu bibi alisha choka kugombana na bwana yake kila magaribi juu ya kuisimamisha ile nyumba, balinilipa nayo, bakaenda zao bepesi.

Miye nilifikiri kuisimamisha ni kuvuta mukono moya na kukaa. Siku ya kwanza nilianza jua ikiwa katikati ya kichwa, nikamaliza nikitafuta taa. Kwanza unaitafutia fasi ya sawasawa, unaweka mawe ku mipira. Kisha unashusha miguu ine ya ku pembe, mais ukishusha moya sana, ingine inaning'inia. Kisha unasukuma dari yulu. Kisha iko bashi, ile turubai ya kando yenye kukaa chini yake. Upepo ya ziwa iliibeba, ikaenda kufunika mbuzi ya mutu. Mama Nsama aliangalia yote mpaka mwisho, akasema na heshima ya Babemba: "Ba François, mukwai, nyumba yenu inalewa." Kweli, ilikuwa inaelekea ziwa. Usiku niliteleza ku kitanda mpaka kichwa ikagonga kabati.

Utaniuliza juu ya nini najitesa. Priscille, siku ya kukimbia vita Pweto, miye na mama yako tulitoka na bintu ya kubeba ku kichwa. Nyumba yenye nilijenga miaka kenda iliungua, hata hatukuiona inaungua. Mama yako alikufa kule mu kambi ya bakimbizi ya Mantapala akisema juu ya ile madirisha. Hii ya sasa, nikikimbia, inakimbia nyuma yangu. Usinijengee chumba. Acha ile fasi ya pembeni ya mupapai iwe wazi, nitaiingiza pale.

Baba yako, asiye na chama


Pweto, tarehe 17 mwezi ya munane 2025

Baba,

Nakusalimia. Niko muzima, tumbo inakuwa kubwa, kikwembe moya tu njo inanizunguka. Guy alikuya siku tano akarudi. Toka mwezi ya sita sijapata barua yako, na Clémentine anapita kwako kila mara. Anasema uko muzima, na unanenepa.

Anasema tena, chini ya ile bashi kuko mbabula mbili za makala, benchi, kuku, na maua mu makopo. Maua, Baba. Weye hujapanda maua hata siku moya, mama alikuwa anagombana na weye juu ya ile. Na kuko ukuta ya majani ya kukinga upepo. Nani anafunga ukuta ya majani ku kitu yenye kuondoka?

Uliniandikia ginsi unaisimamisha. Ginsi unaifunga, hata mustari moya. Uniambie tu: kuifunga inakamata muda gani?

Sikuulizi juu ya Mama Nsama. Nakuuliza juu ya caravane.

Mutoto yako,
Priscille


Nchelenge, tarehe 31 mwezi ya munane 2025

Mutoto yangu,

Nafurahi tumbo iko kubwa, ukule sana, na samaki ya mukavu yenye Clémentine anakuletea iko yako peke yako, usiigawanye. Miye niko muzima. Ni kweli nanenepa.

Ulizo yako ilinikamata, sababu jibu sikuwa nayo. Kuisimamisha, leo naijua: mbele maji ya kusonga bukari ichemke, nilisha kaa. Kuifunga, nilikuwa sijajaribu hata siku moya. Basi jana nikajaribu juu yako.

Nilianza asubui, baridi ikiwa bado. Miguu, hapana shida. Mais mbele ya kugusa bashi, ilipaswa kutosha nje bintu yote yenye kuwa chini yake: moteri tatu za batu, mbabula, benchi, sufuria ya Mama Nsama, unga ya Mama Nsama, kikwembe ya Mama Nsama yenye ilikuwa inakauka ku kamba. Kila kitu nilikamata nilimuuliza, hii ni ya nani? Mara anajibu "yenu", mara "yangu", na kuko zingine alikaa anaangalia tu, hajui, nami sijui. Kuku naye alikuwa analalia mayai chini ya kitanda. Magaribi ilitukuta hatujamaliza.

Mama Nsama mwenye kucheka kila siku, jana hakucheka. Alikunja bashi na miye, kona kwa kona, akaenda kwake bila kuaga. Sikufurahi, nakuambia kweli.

Mais nilisha kukubalia. Patson, mwenye pikapu, atanivuta mpaka Chienge tarehe 18 mwezi ya kumi, tutalala pale, kesho yake tunavuka frontière. Ungojee magaribi ya tarehe 19.

Baba yako


Pweto, tarehe 26 mwezi ya kumi 2025

Baba,

Niko muzima. Sikuulizi habari yako, Clémentine alikuona.

Tarehe 19 nilifagia ile fasi. Nilipika majani ya sombe na samaki. Bajirani balileta viti, kila mutu alitaka kuona nyumba yenye kutembea. Tulikaa mpaka giza. Mama ya nyumba ya pili akasema pengine mupira ilipasuka mu njia, nikamushukuru. Asubui nilibagawanyia ile chakula. Kisha Clémentine akakuya, akaniambia caravane iko Nchelenge, inasimama palepale ilikuwa.

Nilitafuta hasira, sikuiona. Ni uchungu tu. Unajua mwezi yenye kukuya ni mwezi gani.

Mutoto yako


Nchelenge, tarehe 30 mwezi ya kumi 2025

Priscille,

Sina uso ya kukusalimia, lakini nakusalimia, weye na tumbo yako.

Tulifika Chienge muzuri. Patson akaenda kulala kwa ndugu yake, nikaisimamisha nyumba peke yangu. Mbio mbio, Priscille, na sawasawa kabisa. Ungeweka yai ku meza, lingekaa. Hakuna mutu aliniambia kama inalewa. Nilikaa chini ya bashi, nikaangalia bintu yangu yote ginsi nilipanga, na nikaona kama nyumba haikukuya na miye. Ilibaki Nchelenge, inakaanga vitumbuwa. Nililia, miye mutu mukubwa. Asubui nikamuambia Patson ageuze.

Tulirudi. Nilikuwa nashusha miguu ya caravane, Mama Nsama akakuya akasimama. Nilifikiri atafurahi. Akaniuliza: "Mutoto aliita nyumba, ao aliita baba?" Siku zote hizi nilikuwa nasema nikiweza kuifunga ile nyumba njo nitakuya, kama vile bila caravane miye sina miguu. Mama Nsama aliingia ndani, akatia nguo zangu mu mufuko moya, na mbele chai yangu ipoe alisha maliza.

Ile mufuko ilikaa ku mulango mpaka leo juu ya haya yangu, sasa nakuya peke yangu. Kesho kutwa, siku ya posho, tarehe 1, nakamata minibisi ya Chienge, na nitabaki mpaka mutoto azaliwe na weye upate nguvu. Usifagie, usiite batu.

Mama Nsama, namupenda. Naiandika hivi usikie kwa mukono yangu. Mama yako nilimupenda, na hii haiondoe ile. Kama uko na maneno, uniwekee, nitaisikia yote nikifika. Utaisema kwa sauti kubwa.

Baba yako


Pweto, tarehe 23 mwezi ya kumi na moya 2025

Mama Nsama,

Hatujuane, mais nakusalimia sana. Clémentine njo anakusomea hii, na fasi yenye Kiswahili yangu itakushinda ataigeuza mu Kibemba. Unaamuka muzuri? Kazi inaendelea? Upepo ya ziwa haikusumbue?

Mutoto alizaliwa tarehe 16, siku ya Mungu, batu bakiwa ku kanisa. Ni mwanamuke. Eko muzima, na miye pia. Baba alikuwa pale nje toka asubui mpaka mutoto akalia. Mukunga alimuambia mara tatu aende kukaa kivulini, hakusikia, ao alisikia akafanya kama hasikii.

Nikuambie kweli, nilikuwa nilisha tayarisha maneno juu yako, na hayakuwa muzuri. Siku Baba alifika nilitaka kuanza palepale. Kisha nikafungua mufuko yake nimupangie nguo. Kila shati ilikunjwa mikono ndani, dawa ya magoti ilifungwa mu kitambaa yake, na chini kabisa kulikuwa nguo kidogo ya mutoto, mupya, yenye Baba hakujua kama iko pale. Nilikaa ku kitanda na ile nguo mu mikono. Maneno yangu yote ikaniishia.

Sasa iko shida. Baba anajua moteri, mutoto, hajui. Kumuogesha anaogopa. Kumubeba, anamubeba mikono mbele, ananyooka kabisa, mpaka mutoto mwenyewe anashangaa. Guy alikuya siku tatu tu, akarudi ku mine. Bajirani banasaidia muchana, magaribi kila mutu anarudi kwake. Huku kwetu mwanamuke akizaa, mama yake anakuya kulala naye. Anamukanda na maji ya moto, anamufundisha kushika mutoto, anamugombeza kama hakuli. Mama yangu hayuko, unajua. Sijauliza mutu mwingine. Nakuuliza weye.

Baba hajui kama naandika. Akijua atasema nisikusumbue, kisha magaribi atatosha kiti nje akae anaangalia barabara ya Chienge, ginsi anafanya kila siku toka afike.

Ile caravane usijitese kuifunga. Funga mulango tu, Patson ataangalia kuku. Clémentine atarudi huku siku ya ine, tarehe 27, mutapanda minibisi pamoya. Kitanda yako nilisha itandika mu chumba yangu, upande ya mutoto.

Mutoto yako,
Priscille